Namna ya Kuutambua Wimbo wa Zamani Uliousikia Sinemani

Wimbo wa zamani unapotiwa ndani ya filamu, aghalabu husikika kipande tu, tena chini ya mazungumzo ya waigizaji, na huenda ukakatwa kabla kiitikio hakijafika. Mtazamaji hutoka ukumbini akiwa hajui jina lake, au akiamini kwamba ameupata ule anaoupenda tangu utotoni, kumbe alichokisikia ni rekodi nyingine kabisa. Anayetaka kuutafuta kwa uhakika hana budi kuanza kazi hiyo akiwa bado kitini.

Unapousikia, shika maneno ya ubeti kuliko ya kiitikio. Viitikio vya nyimbo za mapenzi vinafanana mno, ilhali maneno matano au sita yanayofuatana katikati ya ubeti yanaweza kutosha kuutofautisha wimbo na mengine yote. Kumbuka pia tukio lililokuwa likiendelea, na kama wimbo ulitoka redioni au kwa bendi iliyomo katika hadithi, au uliwekwa tu juu ya picha bila wahusika kuusikia. Kama haukuwa na maneno, kariri ala iliyoongoza.

Zipo programu za simu zinazotambua muziki kwa kuchambua sauti, kuchukua vilele vyake vilivyo na nguvu zaidi na kulinganisha mpangilio wake na rekodi zilizohifadhiwa. Kwa kuwa zinatafuta rekodi yenyewe, huweza kuvumilia kelele kiasi, lakini hushindwa pale wimbo uleule unapoimbwa upya na mtu mwingine ambaye rekodi yake haimo katika hifadhi. Hata hivyo sishauri kuitoa simu wakati filamu inaendelea: mwanga wake huwakera waliokaa nyuma, na kuielekeza kwenye skrini kunaweza kukufanya udhaniwe kuwa unarekodi filamu, jambo ambalo sheria za nchi nyingi zinalikataza.

Subiri majina yanayopita kwenye skrini mwishoni mwa filamu, kwa maana hapo ndipo jibu lilipo. Orodha ya nyimbo huja karibu na tamati, baada ya waigizaji na mafundi, wakati ambapo watu wengi wamekwisha kusimama na kukuziba. Kila wimbo huandikwa jina lake, mtunzi wa muziki na wa maneno, mwimbaji, na mara nyingi kampuni iliyoruhusu rekodi itumike. Majina haya ni mengi kwa sababu utunzi una haki zake na rekodi ina haki zake, na mtengenezaji wa filamu huhitaji ruhusa za pande zote mbili. Akikosa ruhusa ya rekodi ya zamani, au bei yake ikimshinda, anaweza kulipia utunzi peke yake kisha akamwajiri mwimbaji mwingine. Kwa hiyo, kwa kuwa maandishi hupanda haraka, nakili kwanza jina la wimbo na la mwimbaji. Mtunzi utampata baadaye bila taabu.

Jina la wimbo peke yake linaweza kukupoteza, kama inavyoonekana katika “Unchained Melody”. Muziki wake ulitungwa na Alex North na maneno yakaandikwa na Hy Zaret kwa ajili ya filamu ya mwaka 1955 iitwayo “Unchained”. The Righteous Brothers waliurekodi mwaka 1965, na rekodi hiyo ndiyo iliyotumiwa katika filamu “Ghost” ya mwaka 1990. Watu walipoanza kuuulizia tena, kundi hilo lilirekodi toleo jipya mwaka huohuo, na matoleo yote mawili yakawa yanauzika kwa wakati mmoja nchini Marekani. Waimbaji ni walewale na wimbo ni uleule, lakini anayeitaka sauti aliyoisikia sinemani lazima atafute ile ya 1965.

Usiitegemee sana albamu inayouzwa kwa jina la filamu. Baadhi hubeba muziki uliotungwa mahususi kwa ajili ya filamu bila nyimbo za zamani, na nyingine hutia nyimbo ambazo hazikusikika humo hata kidogo. Kwa filamu kongwe, ambazo nyingi ziliweka majina mwanzoni na hazikutaja kila wimbo, njia bora ni kuyatafuta maneno ya ubeti intaneti ndani ya alama za kunukuu, au kumwimbia mzee aliyekuwa kijana wakati wimbo huo ukitamba. Mimi huanza na mzee.

Ukishapata rekodi, ilinganishe na unachokumbuka: utangulizi wa ala, sauti ya mwimbaji, na mahali anapovuta pumzi au kurefusha neno. Tofauti ndogo ya kasi isikutie shaka ikiwa filamu hiyo uliwahi kuiona kwenye televisheni. Ukumbini picha huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini katika nchi zilizotumia mfumo wa utangazaji uitwao PAL, televisheni ilizoea kuiendesha filamu kwa fremu 25, na hivyo wimbo ukaharakishwa kwa takriban asilimia 4 na sauti, isiporekebishwa, ikapanda kidogo. Ala zikitofautiana, au mwimbaji akiingia mapema kuliko unavyokumbuka, rudi kwenye orodha ya rekodi za mwimbaji huyohuyo na uangalie miaka.