Watoto wanne, mtaala mmoja: namna ya kuchagua na kupanga masomo ya nyumbani bila kununua seti ya vitabu kwa kila mtoto

Wazazi wenzangu wa Dodoma mnaofundisha nyumbani, au mnaofikiria kuanza, swali ninaloulizwa sana ni "mtaala upi mzuri?" na mi huwa nasema hilo liwe la pili. La kwanza ni mtoto wako atafanya mtihani gani mwishoni na ataufanyia wapi. Ukishajibu hilo, mitaala mingi inajichuja yenyewe na hela yako inabaki mfukoni.

Tuanze na sheria maana watu wengi wanairuka. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, kwa hiyo kukaa na mtoto wa umri huo ndani kimya kimya bila mtu kujua ni kujitafutia matatizo na kumtafutia na yeye. Nenda kwa afisa elimu kata wako, uwe uko Nkuhungu, Ipagala au huko Nzuguni, msalimie, mweleze hali ya familia yako, halafu ongea na mwalimu mkuu wa shule ya karibu mjue mnapangaje na nini kinaruhusiwa. Fanya hivyo kabla hujanunua hata daftari moja. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unasajiliwa kupitia shule, na kila mwanafunzi ana namba ya PReM ya Baraza la Mitihani inayomfuata hata akihama, sasa mtoto ambaye hajulikani shule yoyote hana namba na ukikumbuka mwaka wa mtihani unakuwa umechelewa. Wangu waliofikisha umri wote wameandikishwa na shule inajua tunachofanya nyumbani, nalala usingizi wangu vizuri.

Sekondari ni habari nyingine kidogo. Kuna utaratibu wa mtahiniwa wa kujitegemea, na kijana ambaye hakupita mtihani wa form two shuleni anaanza na mtihani wa Maarifa, ule watu wanauita QT, akifaulu ndo anakaa kwenye mtihani wa form four. Kuna familia zinafuata Cambridge, yaani mtaala wa kimataifa wa Uingereza, mtoto anafanya IGCSE, mtihani wao wa sekondari, somo moja moja kwenye kituo kilichosajiliwa, na baadae vyeti vinapelekwa Baraza la Mitihani kulinganishwa na vya kwetu. Ni njia nzuri kwa familia inayohamahama nchi, ila piga hesabu ya ada za mitihani kwa watoto wote, usipige kwa mmoja tu, maana wakifuatana miaka miwili miwili hizo ada zinakuja mfululizo. Na kuna mitaala ya vijitabu vya Kimarekani ambapo mtoto anajisomea mwenyewe anajaza anasahihisha, hiyo inapunguza kazi ya mzazi kweli, lakini historia yote ni ya kwao, pesa kwenye mifano ya hesabu ni dola na senti, na mtoto atakayefanya mtihani wa Tanzania itabidi umfundishe mara mbili.

Kwa familia ya kawaida ya hapa mjini yenye watoto watatu na kuendelea ushauri wangu hauna kona, chukua mtaala wa TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, uwe ndio uti wa mgongo, vingine vyote viwe nyongeza. Sababu ni kwamba ndio unaoendana na mitihani ya Baraza, na vitabu unaweza kuvisoma bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, bando lako tu. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa miaka sita, ina maana mtoto aliyekuwa la tatu mwaka huo anamalizia la sita mwaka 2027. Hili la mtaala mpya lina mtego wake ukienda kununua vitabu kwenye stendi za mitumba au kwa jirani ambaye watoto wake wamemaliza. Angalia jina la somo kwenye jalada, ukiona Maarifa ya Jamii, au Uraia na Maadili, au Stadi za Kazi, hicho ni cha mtaala uliopita. Sasa hivi kuna Jiografia na Mazingira, kuna Historia ya Tanzania na Maadili, kuna Sanaa na Michezo, na English inaanza la kwanza kabisa. Vitabu vya zamani vya Hisabati usivitupe lakini, mazoezi ya kugawanya ni yale yale.

Haya sasa, watoto wengi. Hapa ndipo watu wanapochoka na kuacha, na sababu karibu kila mara ni moja, mzazi anajaribu kuendesha madarasa manne sebuleni, la sita anasoma Sayansi yake, la nne ya kwake, la pili anasoma Afya na Mazingira, wa awali analia, na mama ni mmoja na ana sufuria jikoni. Haiwezekani jamani. Shule yenyewe ina mwalimu kwa kila darasa.

Gawa masomo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo ngazi ni lazima, yaani kusoma, kuandika, Hisabati na English. Haya kila mtoto anakaa kwenye ngazi yake na hauruki, kwa sababu mtoto ambaye hajui kutoa kwa kukopa huwezi kumpeleka kwenye kugawanya kwa njia ndefu, atakariri tu atasahau. Fungu la pili ni yote yaliyobaki, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, haya mnasoma pamoja mkeka mmoja mada moja, kinachotofautiana ni kazi anayopewa kila mmoja baada ya hapo.

Kwenye fungu la kwanza usiangalie umri wala darasa alilopaswa kuwa, mpime. Mpe aya fupi kutoka kitabu cha la pili asome kwa sauti halafu akueleze alichosoma bila kuangalia, akikwama kwenye silabi shuka, akisoma vizuri ila hana cha kukueleza basi tatizo ni ufahamu, hapo hapo mbakize ngazi hiyo mkiongea sana kuhusu hadithi. Hesabu mpe maswali kadhaa ya kila ngazi kuanzia chini, pale anapoanza kukosa mfululizo ndipo unapoanzia. Unaweza kukuta mtoto wa miaka tisa yuko la nne kwenye kusoma na la pili kwenye hesabu, hakuna ubaya wowote, huo ndio uzuri wenyewe wa kufundisha nyumbani, na wala usimwambie mbele ya wadogo zake kwamba karudishwa.

Fungu la pili linahitaji kazi mara moja tu mwanzoni mwa mwaka. Chukua mihtasari ya madarasa yote ya watoto wako, ile inayoonyesha mada za kila somo, iweke sakafuni pembeni kwa pembeni, tafuta mada zinazojirudia. Utashangaa zilivyo nyingi, maana maji, mimea, hali ya hewa, afya, ramani na historia ya mahali zinakuja tena na tena kwa kina tofauti. Ziandike kwenye karatasi la manila, zipange kwa mwezi, bandika ukutani, basi mtaala wa familia umeshaupata.

Mfano wa mvua. Sisi wa Dodoma msimu wetu ni mmoja, inaanza Desemba hivi mpaka Aprili, kwa hiyo mada ya hali ya hewa iweke hapo usiiweke Julai wakati kuna upepo na vumbi tu. Kata chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka na chini bapa, iweke uwanjani mbali na ukuta na miti, kila ikinyesha pima kwa rula kina cha maji kwa milimita, halafu mwaga. Wa awali anachora jua au wingu kwenye kalenda. La pili anasoma namba kwenye rula na kuiandika, na hapo umeshamfundisha vipimo. La nne anatengeneza jedwali na anajumlisha mwezi. La sita anachora grafu ya mihimili, anatafuta wastani, na anaandika ukurasa mmoja kwa nini Wagogo wamelima uwele na mtama miaka yote badala ya kutegemea mahindi. Mwambie kabisa kwamba mvua ya hapa kwa mwaka inacheza kwenye milimita 550 mpaka 600 hivi alinganishe na alichopima. Somo moja, chupa moja, watoto wanne.

Historia nayo hivyo hivyo na hapa kwetu tumebarikiwa, mi hii inanigusa sana kwa sababu watoto wengi wa mjini wanajua majina ya miji ya Ulaya na hawajui Kongwa iko upande gani. Kongwa ndiko Waingereza walikojaribu mradi mkubwa wa karanga kuanzia 1947 ukafa baada ya miaka michache, mvua haikutosha, ardhi ngumu, mashine zikavunjika, na ndiko wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika walikowekewa kambi miaka ya 1960. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973. Wadogo wasimulie walichosikia na wachore kwa mkaa kwenye karatasi mwamba wa Kolo, huko huko Kondoa kwenye michoro, wakubwa wapange matukio kwenye mstari wa muda na waeleze sababu, na kama babu yupo karibu mwiteni awaambie enzi zake mji ulikuwaje, mkubwa aandike majibu.

Siku yenyewe ipangeni mapema asubuhi kabla jua halijawa kali. Hisabati kwanza, unakaa na mmoja dakika kama ishirini huku wengine wanafanya mazoezi waliyoanza jana, na sheria iwe anayekwama anaweka alama pembeni anaruka swali, hakuna kukuita mama mama kila dakika. Mkubwa anamsomea mdogo hadithi ya Kiswahili wakati uko na wa katikati, na usidhani unampotezea muda, kusoma kwa sauti ni mazoezi yake pia. Baada ya chai masomo ya pamoja. Mchana wadogo walale au wacheze, wakubwa English, hasa atakayeenda sekondari maana kule masomo karibu yote ni kwa Kiingereza na la sita anatakiwa awe anasoma Sayansi kidogo kidogo kwa lugha hiyo. Wa miaka mitatu mpe sahani ya mchanga aandike kwa kidole, au vizibo vya soda avipange kwa rangi, akae hapo hapo na wenzake.

Usijaribu kumaliza kila ukurasa wa kila kitabu. Zoezi lina maswali kumi na tano na mtoto amepata sita ya kwanza yote, songa mbele. Kinyume chake kitabu kikiwa hakimfai baada ya mwezi mzima, anakosa yale yale, badilisha namna, peleka hesabu sokoni Majengo, tuseme kilo ya zabibu ni elfu nne robo itakuwa bei gani, mwenye duka akipunguza asilimia kumi tutalipa ngapi, halafu mrudi kwenye kitabu.

Na weka kumbukumbu. Kaunta buku moja kwa kila mtoto, unaandika tarehe, mada, alichoweza na alichoshindwa, mistari miwili inatosha, na kazi moja nzuri ya kila mwezi unaitunza kwenye faili. Mwisho wa muhula pitia nayo shuleni alikoandikishwa, omba mwalimu ampe ile mitihani ya ndani wanayofanya wenzake wa darasa lake, matokeo yake yabandikwe humo humo. Mwaka unaofuata unapokaa chini kuchagua vitabu unaanza na hizo kaunta.