Ukitafuta pa kuanzia parkour, tazama chini

Nilianza parkour, mchezo wa kuruka, kupanda na kuvuka vizuizi vya mitaani kwa nguvu za mwili tu, nikiwa na miaka 31, na wiki mbili za kwanza zilinipotea nikitazama juu. Kila nikitoka nje nahesabu mapaa. Hakuna hata moja lililonifaa, na nashukuru. Siku nilipoangalia usawa wa magoti ndipo nikaona kwamba kila asubuhi nilikuwa nakatiza katikati ya uwanja wa mazoezi: ukingo wa njia ya miguu, ngazi nne, ukuta wa kiunoni na reli ya chuma.

Mchezo wenyewe ulikulia pa namna hiyo. David Belle, Mfaransa anayehesabiwa mwanzilishi wa parkour, na wenzake, huko Lisses na Évry nje kidogo ya Paris, walijinoa kwenye kuta na ngazi za mitaa ya kawaida.

Kabla hujatoka kutafuta, jipime. Chora mstari kwenye ardhi tambarare, ruka kwa miguu yote miwili bila kukimbia, utue kwa sehemu ya mbele ya nyayo na ubaki hapo hapo. Kisha pima umbali huo kwa nyayo zako, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Mimi nilikuwa nafika nyayo saba, lakini mara kumi mfululizo bila kuyumba nilizimudu sita tu. Basi nikatafuta nafasi za nyayo tano. Ule mmoja niliuachia woga, maana ukingo halisi, hata wa kimo cha shubiri, unakula nguvu za miguu.

Ukishaijua hesabu yako, zunguka kwa miguu karibu na unapoishi. Pita bustani za umma, viwanja vya michezo ya watoto saa ambazo watoto hawapo, ngazi za kando ya uwanja wa mpira. Ukuta mmoja mrefu haukusaidii kitu. Afadhali pale ambapo ndani ya hatua chache unapata kitu chembamba cha kutembea juu yake, kitu cha kiunoni cha kuvuka kwa kukishika kwa mikono, na pa kutua palipo sawa.

Sasa ukaguzi, na hapa usiwe na haraka. Kuna reli niliyoipenda kwa macho tu: imesimama imara, nguzo zake zimezama kwenye zege. Nikaishika nivuke, bomba likazunguka viganjani kama mpini uliolegea, nikaangukia kiwiko. Nguzo zilikuwa nzima kweli, ila bomba lilikuwa limepachikwa tu bila kuchomelewa. Tangu siku hiyo kila reli naizungusha kwanza, naivuta, naisukuma, naiegemea, halafu ndipo naipa uzito wote.

Ukuta nao upapase juu, mwisho hadi mwisho. Mchanga kidogo tu unatosha kukutelezesha, na kuvu ndiyo usiseme. Piga kisigino kwenye tofali za ukingoni uone kama kuna inayocheza. Kisha zunguka upande wa pili kwa miguu yako, usichungulie tu: vipande vya chupa, shimo lililofunikwa na nyasi, vyuma vilivyochomoza. Na urudi saa nyingine, kwa sababu mahali pakavu jioni huenda asubuhi pakawa na umande, na vigae vyenye umande sivikaribii.

Kama pana mlinzi, mfuate wewe kabla hajakufuata. Mwonyeshe hasa unachotaka kufanya, kwani neno “kuruka” peke yake humfanya afikirie ghorofa. Akikataa, ondoka bila ubishi, ukikumbuka kuna wengine watakaoomba baada yako. Makaburini na hospitalini mimi siombi kabisa.

Ukumbi wenye magodoro, ukiupata, utumie kujifunza kubiringika, maana kubiringika kwa mara ya kwanza kwenye zege ni kuutesa mgongo bure. Ukikuta kundi likifanya mazoezi nje, jiunge nalo, wengi ni wakarimu. Ila nafasi wanayoruka wao ni ya nyayo zao. Ipime kwanza kwa zako, na ikizidi, sogea pembeni kwenye ukingo wa nyayo tano mpaka utue mara kumi bila kuyumba, ndipo uende kwenye nafasi ya nyayo sita.