Namna ya Kuvuta Aloi ya Nikeli kwenye Joto Kali na Kuusoma Mchoro Wake

Usianze kwa kudhani kwamba aloi ya nikeli, yaani mchanganyiko wa nikeli na elementi nyingine, hulegea taratibu kadiri inavyopashwa moto. Aloi nyingi za nikeli zilizoimarishwa kwa chembe ndogo za Ni3Al, ziitwazo gama praimu, hushikilia nguvu zake, na baadhi huziongeza, hadi karibu nyuzijoto 700 au 800 za Selsiasi, kisha hushuka kwa kasi. Kwa hiyo sogeza vipimo vyako karibu karibu katika eneo hilo, hata kila nyuzi 50, hata kama kwingineko utapima kwa nafasi kubwa.

Themokapo, yaani nyaya za kupimia joto, zifungwe kwenye sampuli yenyewe, kwa kuwa joto la tanuri si joto la metali. Kiwango cha kimataifa cha kuvuta metali kwenye joto kali, ISO 6892-2, huruhusu joto litofautiane na lililokusudiwa kwa nyuzi 3 likiwa halizidi 600, kwa nyuzi 4 likiwa kati ya 600 na 800, na kwa nyuzi 5 kuanzia hapo hadi 1000. Wakati wa kupasha, iache mashine ifuate mzigo mdogo usiobadilika, la sivyo sampuli inayotanuka itabanwa kabla hujaanza kuivuta.

Kasi ya kuvuta iandikwe kando ya kila tokeo. Kwenye joto la chumba haileti tofauti kubwa, lakini juu ya nyuzi 800 uvutaji wa polepole huzipa atomu muda wa kuhama, na mkazo unaopimwa (nguvu ya kuvuta kwa kila eneo la sampuli) hupungua. Namba isiyo na kasi yake, kwa maoni yangu, haifai kulinganishwa na nyingine yoyote.

Mchoro wa mkazo dhidi ya urefukaji ukionyesha meno kama ya msumeno kati ya takriban nyuzi 200 na 700, usikimbilie kuilaumu mashine: mara nyingi ni atomu za viongezi zinazozinasa dislokesheni (kasoro za mstari katika mpangilio wa atomu, ambazo kusogea kwake ndiko huibadili metali umbo), kisha kuziachia. Chini ya kilele cha nguvu, dislokesheni hupita ndani ya gama praimu zikiwa mbili mbili, na joto huzisaidia baadhi kuhamia bapa jingine la fuwele ambako hujifunga zenyewe. Ndiyo siri ya ule ukaidi wa kutolegea kwa joto. Juu ya kilele, njia mpya za kuteleza hufunguka, na dislokesheni nyingine huzizunguka chembe kwa kupanda.

Mwisho, kagua uso uliokatika. Urefukaji ukiwa mdogo na mpasuko umefuata mipaka ya fuwele, chunguza mchango wa oksijeni kabla ya kuihukumu aloi. Aloi ya nikeli iitwayo Inconel 718 isomwe kivyake, kwani huimarishwa hasa na chembe za Ni3Nb, ambazo hupoteza uthabiti joto likizidi nyuzi 650 hivi.