Tengeneza rangi za udongo kipupwe hiki

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Uwele na mtama vikishavunwa, Juni na Julai tunabaki na baridi, upepo na vumbi. Mchoraji hukaa mbele ya karatasi tupu akijilaumu kwamba mawazo yamekauka. Mimi nasema acha kuyawinda. Tengeneza rangi. Mikono ikishughulika kichwa hufuata, na hakuna majira yanayofaa kazi hii kuliko haya: udongo ni mkavu, na ukiuanika unakauka upesi.

Hatua ya 1: Kusanya

Beba mifuko midogo na kalamu. Tafuta udongo mwekundu, wa njano, mweupe, na ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi. Wanapochimba kisima au msingi wa nyumba pana utajiri, maana tabaka zote zimetoka nje. Omba ruhusa, kisha chukua ngumi moja tu ya kila aina, na uandike ulikoitoa. Kujaribu ni rahisi: lowesha kidole, sugua udongo kwenye karatasi, ukikauka upanguse. Ukiacha doa, unafaa. Ukidondoka wote, huo ni mchanga. Karibu na gereji usichukue kitu, kuna oili.

Hatua ya 2: Osha

Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, na hapa ndipo rangi inapopatikana. Twanga mabonge, chekecha, tia kwenye ndoo ya maji na ukoroge sana. Hesabu taratibu hadi thelathini. Mchanga utazama, maji yenye rangi yamimine kwenye ndoo ya pili kupitia kanga kuukuu. Rudia mara mbili au tatu, hadi ukisugua tope kati ya vidole usisikie chembe. Funika, maana upepo wa huku utakurudishia mchanga wote uliouondoa. Kesho yake maji yatakuwa yamejitenga juu. Yamwage polepole, mashapo uyaanike kwenye sahani.

Hatua ya 3: Saga, na uchome kiasi

Yakikauka yasage yawe laini kama unga wa sembe. Sehemu ya ule wa njano iweke kwenye kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, ukigeuza. Utageuka mwekundu mbele ya macho yako, kwa sababu moto unaondoa maji yaliyoshikana na chuma ndani ya udongo. Ukitoa kidogo kidogo kila baada ya muda, ngumi moja inakupa rangi nne au tano. Binafsi hatua hii ndiyo inayonirudishia hamu ya kuchora.

Hatua ya 4: Gundi

Migunga hutoa utomvu kiangazi. Chukua ule mgumu unaong'aa, usage, loweka kipimo kimoja kwa viwili vya maji ya moto, uache usiku kucha, kisha chuja. Ongeza matone machache ya asali. Ya Manyoni inatosha na kubaki ya chai. Punje mbili za karafuu huzuia ukungu. Ukikosa utomvu, tumia kiini cha yai, ila rangi hiyo uimalize siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Tumia

Changanya unga na gundi juu ya kioo au kigae, ukisugua kwa jiwe laini. Kila siku paka kipande kidogo tu, kitu kilicho mbele yako: mbuyu uliopukutisha majani, ndoo, kuku. Ukipata nauli, nenda Kolo, Kondoa, ukaone michoro ya mapangoni iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mingi ni ya rangi nyekundu ya udongo, na bado inasomeka. Usiiguse wala kuimwagia maji.

Rangi ikipasuka baada ya kukauka, ongeza asali. Ukiigusa ikabaki kwenye kidole, gundi haijatosha.