Jinsi ya kukagua mwanzi wenye ufa kwa kuugonga na kusikiliza

Kabla hujapandisha mwanzi kwenye paa, ugonge kwanza usikie unasemaje, maana kuna nyufa macho hayazioni kabisa ila mtetemo unazitoa nje.

Uelewe kitu kimoja, mwanzi sio kama nondo ambayo ni ileile nje mpaka ndani. Ukiukata ukatazama ukuta wake utaona nyuzi zimebanana sana upande wa ganda, afu zinapungua taratibu kwenda ndani, kwa hiyo jeraha la panga la milimita 2 kwa nje linaulegeza kuliko la kina hichohicho kwa ndani, maana nje ndo kuna nyuzi nyingi na ndo kunakovutika zaidi mwanzi ukipinda. Wajapani mwaka 1984 walileta wazo la kutengeneza vitu vya hivi kwa makusudi, seramiki inayogeuka metali kidogo kidogo, kwa ajili ya vyombo vya anga, na huko pia ufa ukiwa upande mkakamavu, yaani ule mgumu kupinda, ndo unaumiza zaidi.

Sasa chukua mwanzi wa mita 2, uulaze juu ya vipande viwili vya sponji, kila kimoja sentimita 45 kutoka mwisho wake, hapo mtetemo wa kwanza, yaani ule wa sauti nzito kuliko yote, haubanwi. Washa simu yenye programu ya kuonyesha frikwensi za sauti, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde (Hz), iweke karibu na ncha moja, gonga ncha ya pili kwa nyundo ya mpira, rudia mara tano. Utaona kilele cha kwanza, yaani pale mchoro unapopanda juu, tuseme Hz 100, na cha pili kama mara 2.7 yake hivi. Andika zote, ndo utalinganisha nazo ukiupima tena baadaye.

Ukakamavu ukishuka asilimia 10 frikwensi inashuka kama asilimia 5 tu, kwa hiyo usidharau tofauti ndogo. Ufa ukiwa katikati, cha kwanza kinashuka na cha pili karibu hakiguswi, ukiwa kwenye robo vyote vinashuka ila cha pili zaidi. Ukiwa mwishoni kabisa havishuki vya maana, hapo tumia macho na kidole, usidanganywe na namba. Sikiliza na sauti yenyewe, mzima unalia ukaendelea kidogo, wenye ufa unakata haraka kwa sababu kuta za ufa zinasuguana.

Ufa wa kwenda na urefu, ambao ndo mianzi inaupata sana ikikauka, uzungushe mwanzi robo duara ugonge tena, kama namba za pande hizo mbili zilikuwa zinakaribiana ulipopima mwanzo na sasa zimeachana, umepasuka.

Jambo linaloniuma kuona watu wanaliruka ni unyevu. Mwanzi ukikauka unakuwa mwepesi na mkakamavu zaidi, frikwensi inapanda, inaficha ufa kabisa! Upime uzito kila mara, na ulinganishe tu vipimo vya ukavu uleule.