Siku Zisizo na Kilo: Kuchora Grafu ya Omena Yenye Mapengo

Ukichora grafu ya mstari ya omena (dagaa wa Ziwa Victoria) inayoingia Dunga, ufuo wa Kisumu, kuanzia Januari hadi Desemba, lazima ukutane na mapengo. Tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hulala nyumbani, kwa sababu omena huvutwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Gugu maji likisukumwa na upepo hadi ufuoni, mashua hazitoki. Halafu kuna siku ambazo mashua zilitoka na samaki wakapimwa vizuri, ila aliyeshika daftari alikuwa matangani Siaya.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanunuzi, na daftari hilo ndilo ninaloingiza kwenye Excel. Kila binti anayekuja kunisaidia namwambia kwanza aache grafu, aangalie seli, yaani visanduku vya jedwali. Mashua ilitoka ikarudi mikono mitupu? Andika 0, maana hicho ni kipimo kama vipimo vingine. Mashua haikutoka kabisa? Acha seli tupu. Mashua ilitoka lakini hatujui ilileta nini? Hapo andika #N/A, hivyo hivyo, na alama ya reli mbele. Hali hizi tatu zikichanganywa, hakuna mpangilio wa grafu utakaozitenganisha tena.

Jedwali langu lina safuwima nne: A ni tarehe, B ni kilo, C ni bei ya gorogoro (kopo la kupimia), D ni sababu ya pengo kwa neno moja tu (marufuku, mwezi, gugu, karani). Tarehe ziandikwe zote, hata za siku ambazo hakuna kilichotokea. Ukiruka kutoka 31 Machi hadi 1 Agosti kwa sababu katikati hamna kazi, Excel haioni seli tupu yoyote, kwa hiyo itaunganisha siku hizo mbili kwa mstari mnyoofu bila kukuuliza. Siku 122 za marufuku zinastahili safumlalo 122.

Sasa grafu yenyewe. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Select Data, kisha chini kushoto bonyeza Hidden and Empty Cells. Utapewa chaguo tatu. Gaps huacha mstari ukatike. Zero huushusha hadi chini. Connect data points with line huvuta mstari juu ya pengo. Mimi hutumia Gaps kwa kilo, kila mara. Zero kwenye miezi ya marufuku itakuchorea shimo refu, na mzee mwenyekiti wa bichi atauliza, "Mama, kwani Aprili ziwa lilikauka?" Ukiunganisha nako, unaonyesha omena iliyouzwa Mei na Juni, na hilo linaweza kukuletea maswali mabaya zaidi kuliko la mzee.

Kwenye kisanduku hicho hicho, matoleo mapya ya Excel yana alama ya Show #N/A as empty cell, na kwa kawaida huja ikiwa imewekwa tiki. Iondoe. Ukiacha Gaps na kuondoa tiki hiyo, seli tupu zitakata mstari, lakini zile za #N/A zitarukwa na mstari utaunganisha siku iliyotangulia na inayofuata. Yaani marufuku inaonekana kama pengo, na siku mbili za matanga hazikati mstari. Matoleo ya zamani hayana alama hiyo, ila huiruka #N/A vivyo hivyo. Pengo la karani likizidi siku chache, mimi hufuta #N/A na kuacha tupu. Kilo za omena hupanda na kushuka sana kati ya usiku mmoja na mwingine, na sitaki kubahatisha wiki nzima.

Bei ni hadithi nyingine. Bei ya gorogoro haibadiliki ghafla hivyo, kwa hiyo naichorea grafu yake peke yake na kuchagua Connect, isipokuwa nikionyesha mwaka mzima. Kuiweka grafu moja na kilo kutakuzuia, kwa kuwa chaguo la mapengo hushika mistari yote ya grafu.

Kuna jambo linalowasumbua wengi: seli inaonekana tupu lakini mstari umeanguka hadi sifuri. Karibu kila mara ndani yake kuna maandishi. Mtu alibonyeza nafasi badala ya kufuta, au aliandika kistari, au "hakuna". Excel huchora maandishi kama sifuri. Chagua safuwima B kuanzia B2, usiguse kichwa chake, bonyeza Ctrl na G, kisha Special, chagua Constants na uache tiki kwenye Text peke yake. Wadanganyifu wote watajitokeza kwa mpigo, bonyeza Delete. Fomula inayorudisha "" nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo kama B inajazwa na fomula kutoka karatasi nyingine, tumia =IF(Daftari!B2="",NA(),Daftari!B2), ila hapo rudisha tiki ya Show #N/A as empty cell, la sivyo mstari utaunganishwa hata juu ya marufuku.

Siku iliyobaki peke yake katikati ya mapengo mawili hupotea kabisa kwenye grafu, kwa sababu mstari unahitaji nukta mbili. Wiki ya mwezi mpevu utaiona hali hii: mashua zimetoka Jumatano tu, kilo ziko kwenye jedwali, grafu iko kimya. Weka alama za nukta kwenye mstari, yaani Markers, na Jumatano itaonekana. Na ukificha safumlalo au kuchuja, Excel haizichori mpaka uiambie hapo hapo kwenye Hidden and Empty Cells.

Wanaotumia Google Sheets wataikuta Plot null values chini ya Customize, sehemu ya Chart style. Ukiweka tiki inaunganisha, ukiiacha inakata. LibreOffice ina Plot missing values kwenye Options za mstari wenyewe. Hila ya #N/A niliyoieleza ni ya Excel.

Mwisho ni wastani. AVERAGE huruka seli tupu na kuhesabu sifuri: 300, 0, tupu na 300 hutoa 200, ila ukijaza tupu kwa 0 utapata 150. Ikikutana na #N/A hata moja hugoma kabisa. Tumia =AGGREGATE(1,6,B2:B366), ambayo hupita makosa na kuendelea.