SOMO: Namna ya kuitambua na kuipata pakanga halisi ya kutengenezea absinti

Habari zenu wakuu. Watu wengi wakisikia absinti ya kienyeji, ile pombe kali inayokenekwa kwa pakanga na anisi, wanakimbilia kuuliza mtambo na mapishi, wakati shida kubwa iko kwenye mmea, ukikosea mmea hata upate fundi gani hutoki. Kwahiyo leo naongelea mmea tu. Mi naishi Uswisi, karibu na bonde la Val-de-Travers ambako ndo kwao hasa hii kitu, na mpaka leo pakanga inalimwa huku na kuanikwa kwenye maghala ya mbao. Uswisi waliipiga marufuku absinti mwaka 1910, ikaruhusiwa tena 2005, na muda wote huo katikati watu wa hili bonde waliendelea kupika kwa siri, ndo maana ujuzi wa mmea haukupotea, na mi nawaheshimu sana kwa hilo.

Kabla sijaendelea: kukeneka pombe kali nyumbani bila kibali ni kosa huku, na ni kosa Tanzania, Kenya na Marekani pia. Mi nalima tu, majani napeleka kwa mpikaji mwenye leseni. Angalia sheria ya unapoishi kwanza.

HATUA YA 1: jua jina kamili
Pakanga ziko nyingi. Unayotaka wewe ni Artemisia absinthium, Wafaransa wanaiita grande absinthe. Ile ya malaria tunayoijua sana kwetu ni Artemisia annua, ndo iliyotoa dawa iliyompa Tu Youyou Nobeli 2015, na ndo iliyokuwa kwenye kile kinywaji cha corona cha Madagaska 2020 mpaka Tanzania ikatuma ndege kukifuata. Ni ndugu wa ukoo mmoja ila kwenye absinti haifanyi kazi, harufu yake nyingine kabisa. Ukinunua mbegu au mche usikubali kibandiko kilichoandikwa "pakanga" au "artemisia" basi, lazima jina la pili liwepo.

HATUA YA 2: shika jani
Hapa ndo penyewe, tulia hapa. Jani la absinthium ni la kijivu cha fedha PANDE ZOTE MBILI, lina vinyweleo laini sana, ukilipitisha kati ya vidole unahisi kama hariri. Limegawanyika mara mbili mpaka tatu lakini zile ncha za mwisho ni za MVIRINGO, butu, hazijachongoka. Ukigeuza jani ukakuta juu kijani kibichi na chini jeupe, ncha zimechongoka, na shina lina wekundu wekundu, hiyo ni Artemisia vulgaris, imejaa kandokando ya barabara zote za Ulaya na inawadanganya watu kila mwaka. Annua yenyewe ni kijani tupu, haina vinyweleo vya kuonekana, majani yamechanikachanika membamba kama ya kangaga (fern), na inakufa baada ya msimu mmoja wakati absinthium inakaa miaka na shina la chini linakuwa gumu kama mti.

HATUA YA 3: harufu, afu maua
Sugua jani, harufu inapanda kali, safi. Kama una uhakika siyo mmea wa sumu gusisha kipande kidogo sana kwenye ulimi afu tema, uchungu wake haukuachi haraka. Maua ni vitufe vidogo vya njano vinavyoinamia chini, milimita 3 mpaka 5 hivi. Mwenye lenzi apasue kitufe kimoja aangalie kitako chake ndani, absinthium ina vinyweleo pale, vulgaris na annua hazina. Hicho kipimo ndo nakiamini kuliko vyote.

HATUA YA 4: ogopa huyu
Kuna ua la bustani lenye majani meupe ya fedha, Jacobaea maritima, linauzwa vitalu vingi sana na kwa mbali unaweza kuapa ni pakanga. Lile lina sumu ya ini. Jani lake ni nene kama kitambaa kizito na halina ile harufu kali. Kama harufu haipo, acha, usijaribu hata ulimi.

HATUA YA 5: pa kuipata
Porini Ulaya utaikuta sehemu kavu zenye mawe na jua, pembeni ya kuta za zamani, lakini usichume kando ya barabara wala reli, wanapulizia dawa. Mi nashauri upande mwenyewe. Mbegu ni ndogo kama vumbi, usizifukie, zimwage juu ya udongo uzikandamize kidogo maana zinataka mwanga, wiki 2 au 3 zinaota. Njia ya haraka ni kuomba kipandikizi au kugawana shina na mtu mwenye mmea uliohakikiwa. Udongo mbovu, mkavu, jua la kutosha, mbolea achana nayo. Na iweke mbali na mboga, mvua ikinyesha ule uchungu wa majani yake unashuka chini na majirani zake wanadumaa. Mwaka wa kwanza iache ikue, mwaka wa pili vuna vichwa vya maua vinapoanza kufunguka, huku ni Julai na Agosti, kausha kivulini penye hewa.

Wala huhitaji nyingi. Mapishi ya zamani ya absinti ya mji wa Pontarlier, upande wa Ufaransa, ni kilo 2.5 za pakanga kavu kwa lita 100, yaani gramu 25 kwa lita, huku anisi kilo 5 na shamari kilo 5. Mashina mawili matatu yaliyokomaa yanakutosha. Kwa ajili ya rangi ya kijani tafuta na ile ndogo, Artemisia pontica, pamoja na hisopo na melisa. Pontica inatambaa sana chini kwa chini, ifungie kwenye chungu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu niko Arusha, kuna majani kama ya karoti yenye vimaua vyeupe yamejaa kila mahali huku, siyo pakanga hayo?
Jibu: Hapana ndugu yangu, hilo ni gugu karoti, usilishike mikono mitupu linawasha na kuleta mzio. Pakanga haina maua meupe.

Swali: Kwani nikiloweka tu majani kwenye vodka si ndo absinti hiyo hiyo bila mtambo?
Jibu: Siyo. Ule uchungu mkali haupandi na mvuke, unabaki chini kwenye chungu, ndo maana absinti iliyokenekwa inanyweka. Ukiloweka unabaki na uchungu wote, hutaimaliza hata glasi.

Swali: Na yale mafuta ya pakanga yanayouzwa mtandaoni, matone mawili matatu?
Jibu: Nakuomba usifanye hivyo. Mwaka 1997 madaktari Marekani waliandika habari ya mwanaume aliyenunua mafuta hayo mtandaoni akayanywa akidhani ni absinti, akapata degedege na figo zikafeli. Yale yana tujoni, ile sumu iliyomo kwenye pakanga, iliyokolea mno. Ulaya kwenye vinywaji vya aina hii mwisho ni miligramu 35 kwa kilo. Na hata majani yenyewe, mjamzito au mwenye kifafa asiguse.

Swali: Mi niko Muscat, pombe situmii, ila sokoni kuna shihi ya kuchemsha kwa ajili ya tumbo, ndo hii hii?
Jibu: Ni ukoo mmoja lakini mmea mwingine, wa jangwani. Hii ya kwangu Wamorocco wanaiita shiba, wanatia kijiti kidogo kwenye chai ya mnanaa wakati wa baridi. Kidogo kweli, siyo ya kunywa kila siku.

Swali: Mombasa itakubali?
Jibu: Joto na unyevu vitaiozesha mizizi. Jaribu sehemu za baridi, Limuru au Lushoto.

Swali: Kaka mimi niko Fargo, North Dakota, hii mimea ya fedha imejaa kwenye malisho huku, naweza kuchukua bure?
Jibu: Inawezekana kabisa ikawa yenyewe, huko imehesabiwa gugu baya kisheria. Kwa sababu hiyo hiyo wanaipulizia dawa, kwahiyo muulize mwenye shamba kwanza kama amepulizia mwaka huu au mwaka jana, na usibebe mbegu kupeleka sehemu nyingine. Piga picha ya jani juu na chini na ua lililopasuliwa, weka hapa niangalie.